Wiki Tatu za Simsim

Kidole chenyewe hakikukatika. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu kufikia adhuhuri Makongeni nzima, hapa Thika, ilikuwa ishasikia kwamba tumbili wa fundi Idarous amemng'oa mtoto wa Aketch kidole na kukimeza. Watu na maneno. Kilichotokea ni kwamba mtoto alimpa Simsim kipande cha kashata kupitia waya wa tundu, halafu akajuta, akatia mkono akirudishe. Simsim alikuwa na miaka minne katika plot ile ya vyumba vya kupanga na hajawahi kunyang'anywa kitu mdomoni. Akauma. Meno mawili yaliingia, damu ikatoka, na vyumba vyote kumi na viwili vikamwaga watu nje.

Aketch hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimfunga mtoto kidole kwa kitambaa, kisha akamtazama Mwanamisi, mke wa fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama Nadira, mimi ndiye nilikuwa nakutetea," alisema. "Wakisema hapa si zoo, mimi ndiye nasema wacheni mnyama wa watu."

Mwanamisi aliuweka mwiko chini. Mumewe alifunga kibanda chake cha viatu, akaandamana na Aketch hadi hospitalini, akalipia sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa na kuahidi zote zilizobaki. Alikaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Mtoto hakuwa na kinyongo. Alichotaka kujua ni kama Simsim naye atadungwa.

Jioni akaja Gachau, mwenye plot. Gachau ni mtu wa heshima, hata akikufukuza anaanza kwa kukuuliza hali ya watoto. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akanywa chai yote, akasifu mandazi, ndipo akaweka kikombe chini.

"Baba Nadira, mimi na wewe hatujawahi kukosana. Miaka kumi na moja. Lakini huyu nyani..."

"Tumbili," Mwanamisi alisema.

"Huyo. Leo nimepigiwa simu na watu sita. Jumapili nisimpate hapa. Ama nisiwapate nyinyi. Na si mimi nimesema, ni hao wengine."

Akaaga kwa adabu, akapita mbali na tundu.

Kesho yake Mwanamisi alikwenda nje ya shule na sinia lake kama kawaida. Biashara yake ni simsim za kuviringa, za ufuta na sukari, na kashata, na jina la tumbili lilitoka hapo, kwa sababu tangu Idarous alipomtoa kifuani mwa mama yake aliyegongwa na lori Garissa Road, yule mtoto alilelewa begani mwa Mwanamisi, simsim zikiviringwa. Siku hiyo aliuza nane. Mzazi mmoja alimvuta mtoto wake na kusema, bila hata kupunguza sauti, "Mikono ni hiyo hiyo." Mwanamisi aliitazama mikono yake. Aliiosha mara tatu siku hiyo, na bado alirudi na sinia limejaa.

* * *

Aliyepata njia ni Nadira, binti yao, ambaye husuka watu nywele Ruiru na hakuna kitu hawezi kukitafuta kwa simu.

"Mama, kuna place," alisema. "Ni kama children's home, but ya wanyama. Wanachukua wale wamelelewa na watu. Na ni free."

"Na polisi?" Idarous aliuliza. Hilo ndilo lililomtoa jasho miaka minne. Kufuga mnyama wa mwitu bila kibali ni kosa, kila mtu anajua, na kila mtu pale plot alikuwa amenyamaza kwa sababu hakuwa ameumwa.

"Baba, sisi ndio tunawaita. Mtu hajishtaki."

Jumatano akaja msichana mmoja wa makao hayo, Nekesa, na daftari. Alichuchumaa mbele ya tundu muda mrefu. Kisha akaanza maswali, na Mwanamisi akayajibu amesimama, mikono nyuma, utadhani yuko kortini.

"Analala wapi?"

"Jikoni."

"Amewahi kukaa na tumbili mwingine?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Anakula nini?"

"Chapati," alisema kwa sauti ndogo. "Na chai. Ya maziwa."

Nekesa hakucheka. Aliandika. "Mama, hamtafungwa. Mmemtoa wenyewe, barua ya ofisi ya wanyamapori nitawasaidia kuandika. Shida yangu ni nafasi. Chumba cha kutengea wageni kimejaa. Nipeni wiki tatu."

"Tuna siku nne," Idarous alisema.

"Basi mtafutieni pahali pa wiki tatu. Pahali pa kufungwa, pasipo watoto. Na jambo moja, mzee, tafadhali. Msimwachilie mwituni. Watu wengi hufikiri wanamsaidia. Tumbili hawapokei mgeni hivi hivi, wana ukoo wao, kila mmoja na nafasi yake. Sisi humtambulisha polepole, miezi, waya katikati, mpaka wamzoee na yeye awazoee. Huyu hata hajui kama ni tumbili."

Idarous aliitika kwa kichwa. Mwanamisi alimwona akiitika, na baadaye alilikumbuka hilo sana.

* * *

Idarous ana ndugu mmoja, Tahir. Ni Idarous aliyemlipia karo ya sekondari kwa kushona ndara za tairi, akala kwa akala, na sasa Tahir yuko kwenye kampuni ya bima, anakaa Membley, mtaa wa geti, nyumba yenye store ya nyuma isiyo na kitu ila baiskeli za watoto. Kwa simu Tahir alisema, "Njoo tuongee, kaka." Ijumaa baada ya swala Idarous akamtia Simsim kwenye tundu la kuku, akalifunika kwa leso, wakapakia kwenye tuktuk ya jirani yao Gichuru.

Getini askari alifungua kitabu. "Mzigo ni nini?"

"Tumbili."

Askari aliweka kalamu chini. Akapiga simu, akasikiliza, akawaambia wasimame kando wasizuie magari. Walisimama kando dakika arobaini. Magari yaliingia, watoto wamebandika nyuso kwenye vioo, maana leso haikuwa imefika hadi chini na mkono wa Simsim ulikuwa nje, umeshika suruali ya Idarous.

Tahir alikuja kwa miguu, amevaa slipa. Mkewe Safaa alimfuata na glasi ya juisi kwenye sinia. Juisi ilikuwa nzuri, baridi, na ndugu wa kuzaliwa akanywa amesimama getini, askari akimtazama. Halafu watu husema damu ni nzito kuliko maji.

"Si kwa ubaya, kaka," Tahir alisema. "Hapa kuna committee. Hata mbwa lazima awe registered."

"Ni wiki tatu, Tahir. Kwenye store. Nitakuja kila siku nimlishe mwenyewe, hamtamwona."

"Shemeji, ningekuwa na uwezo," Safaa alisema. "Ila watoto wana allergy."

"Ya tumbili?" Gichuru aliuliza kutoka kwenye tuktuk.

Wakati wa kuagana Tahir alimpa mkono, na ndani ya mkono mlikuwa na noti mbili za elfu moja, za mafuta. Idarous alirudi nazo zimekunjwa kiganjani. Hakuumia kwa kunyimwa, kunyimwa alikuwa amekuzoea. Aliumia kwa sababu alizipokea.

* * *

Jumamosi asubuhi Mbaluka alikuja kibandani kuchukua akala zake. Mbaluka ni mkulima wa upande wa Ngoliba, mashariki ya Thika, mtu wa kanisani na wa utani mwingi, na kwa miaka mingi amekuwa akimletea Idarous ndengu. Alisikiliza habari yote akiwa amevaa akala moja.

"Fundi, kwani unateseka na nini? Kwangu mtoni tumbili wamejaa. Misimu mitatu wananimalizia mahindi. Mlete, atakuwa na wenzake."

"Nimeambiwa nisimwachilie."

"Umeambiwa na nani? Mtu wa daftari? Mtoto wa tumbili ni tumbili, fundi. Hafundishwi."

Hapa lazima niseme jambo la Idarous, ili asionekane mtu mbaya, kwa sababu si mtu mbaya. Marehemu baba yake, kila Idi, alinunua njiwa wawili wa tunduni, akawatia mikononi mwa wanawe, mmoja kwa Idarous, mmoja kwa Tahir, na kuwaambia wafungue. Kumfungulia aliyefungwa ni thawabu. Hilo Idarous alilijua kabla hajajua kusoma. Sasa siku tatu alikuwa amezunguka kuwaomba watu jela ya wiki tatu. Akajiuliza kwa nini anaomba jela na mlango uko mkononi mwake. Njiwa wa sokoni amezaliwa na mabawa na anajua kuyatumia, lakini hilo hakuliwaza, wala Mbaluka hakulisema.

Mwanamisi alikuwa Kiandutu kwenye hitima ya shangazi yake. Idarous hakumngoja. Mchana huohuo tuktuk ya Gichuru ilikuwa Ngoliba, na tundu likafunguliwa ukingoni mwa mto. Simsim hakutoka. Ikabidi Idarous amtoe kwa mkono, amkalishe kwenye jiwe na ndizi tatu, kisha ageuke aende bila kuangalia nyuma. Alipoangalia, Simsim alikuwa bado kwenye jiwe, anamtazama, ndizi hajazigusa.

Mwanamisi aliporudi alikuta tundu tupu.

"Walikuja," mumewe alisema. "Nafasi imepatikana mapema."

"Yule msichana mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na dereva." Hakuna aliyemuuliza habari za dereva.

"Alilia?"

"Hakulia."

Mwanamisi alikaa chini, akalia yeye, kisha akamshukuru Mungu. Siku kumi na saba zilizofuata alikuwa na furaha, furaha ile yenye uchungu ya mama aliyempeleka mtoto bweni. Alimweleza Aketch, na Aketch akamletea omena kama zamani. Simsim zikaanza kununuliwa tena. Jioni humuuliza mumewe, "Saa hii unafikiri amekula?" na Idarous humjibu, "Amekula."

* * *

Nadira alirudi kutoka Ruiru akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama, Nekesa amenipigia. Anasema space iko. Wanakuja kumchukua Alhamisi."

"Kumchukua nani?"

Nadira akamtazama baba yake. Idarous alikuwa anapaka gundi soli ya kiatu cha mtoto wa shule. Aliendelea kupaka, sehemu ileile, mpaka gundi ikamwagikia mkononi.

"Nilimpeleka kwa Mbaluka," alisema. "Kwa wenzake. Sikutaka uumie."

"Na sasa nikoje?" Mwanamisi aliuliza.

Hakutukana, hakulia. Alimwambia Nadira amrudishie Nekesa simu na amweleze ukweli. Usiku huo alilala na bintiye, na usiku uliofuata vilevile.

Alhamisi wakaenda na gari la Nekesa. Nekesa alisema jambo moja tu njiani. "Mzee, nilikueleza."

"Ulinieleza," Idarous alisema.

Mahindi ya Mbaluka yalikuwa yamesimama kama ukuta, masuke yamejaa, tayari kuvunwa. Mbaluka mwenyewe aliliona gari kutoka mbali, akapata kazi ya ghafla ng'ambo ya shamba. Aliyewapokea ni mkewe, Ngina, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya kanisa. Nekesa alibaki barabarani akitayarisha tundu na kuongea na ofisi kwa simu, na Ngina akawashusha mtoni Mwanamisi na mumewe. Alipoulizwa habari za Simsim hakuficha.

"Ni mtoto wetu Nzioki alimfunga kengele," alisema.

"Kengele gani?"

"Ya mbuzi. Ni dawa ya tangu zamani, mama. Ukishika tumbili mmoja ukamfunga kengele, atawafuata wenzake, na wao wakisikia ile sauti watakimbia. Akiwafuata wanakimbia tena. Hawarudi shambani. Shida ni kumshika, wa mwitu hashikiki. Huyu wenu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akaingia jikoni, akakaa karibu na sufuria." Aliyaonyesha mahindi kwa kidevu. "Misimu mitatu nimenunua unga. Watoto wa Nzioki wamelala na uji. Usinichukie."

Mwanamisi alitaka kumchukia. Aliyatazama yale mahindi, akashindwa kumchukia vizuri, na hilo likamuuma zaidi.

Wakawaona ng'ambo, tumbili kama ishirini kwenye migunga, wakubwa wanachambuana manyoya, wadogo wanavutana mikia. Na chini, kwenye nyasi, Simsim. Alikuwa amekonda. Alikuwa anatembea polepole kuwaelekea, kwa miguu mitatu, mkono mmoja shingoni.

"Amevunjika mkono," Mwanamisi alisema.

"Hapana," Ngina alisema. "Anashika kengele isilie. Alijifundisha mwenyewe, juma lililopita."

Walisimama watatu wakimtazama. Alienda hatua kumi, akapumzika, akaenda tena kumi. Hakuna aliyemsikia. Akafika hadi shinani, na kutoka pale hakuna njia ila kupanda, na kupanda kunataka mikono miwili. Alikaa shinani muda mrefu, anaangalia juu. Kisha akaachia. Kengele ililia mara moja na miti ikawa mitupu. Simsim alipanda hadi kwenye tawi walilokuwa wamekalia, akakaa hapo peke yake.

Mwanamisi aliita jina lake. Alikuja mbio, akivuka mawe ya mto, kengele ikilia njia nzima, akamrukia begani na kumshika sikio. Chini ya waya wa kengele manyoya yalikuwa yameisha na nyama iko wazi. Idarous alitoa koleo lake la kibandani. Alijaribu mara mbili, akakata kwa mara ya tatu, na wakati anakata Simsim akaanza kumpekua ndevu, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka minne. Idarous akalia hapo mbele ya mke wa watu. Kengele akaitia mfukoni.

Nekesa alipofika na tundu aliona kidonda kwanza.

"Hii ni nini?"

"Waya," Idarous alisema.

"Ya mtego?"

Idarous alinyamaza. Ngina alitazama chini. Mwanamisi angeweza kusema. Alifikiria Ngina, alifikiria ofisi ya wanyamapori, alifikiria mumewe aliyelia, na akanyamaza yeye pia. Nekesa akaandika: mtego.

"Mama, mtie wewe tunduni, anakuamini," Nekesa alisema. "Na usimuage. Ukimuaga atashika mkono wako na hatutaweza kufunga."

Akamtia. Hakumuaga.

* * *

Miezi minne ilipita. Mwanamisi alirudi chumbani kwake, wakawa wanaongea, habari za unga, habari za Nadira. Jioni hakuna aliyeuliza tena nani amekula. Nekesa alipiga simu Jumapili moja asubuhi, Mwanamisi akiviringa simsim na Idarous yuko kwenye kigoda chake mlangoni, anashona.

"Anaendelea poa, mama," Nekesa alisema. "Chai ameacha. Tumemweka na wenzake saba, tulianza na waya katikati, sasa waya tumetoa. Wamemkubali. Kuna jike mmoja mzee anamtaka kabisa, kila asubuhi anamngoja."

"Alhamdulillahi."

"Lakini kuna kitu kinatushinda. Akitaka kuwaendea, anatembea kwa miguu mitatu. Mkono mmoja ameshika shingo, haachi. Daktari amemwangalia mara mbili, kidonda kimepona, hana maumivu. Na kwa sababu hauachi, hapandi. Wenzake wanalala juu, yeye analala chini peke yake. Tumejaribu dawa, tumejaribu kila kitu. Nikasema niwaulize nyinyi mliomlea. Ule mtego ulikuwa wa namna gani?"

Mwanamisi aliitoa simu sikioni. Mikono yake ilikuwa na sukari hadi viwikoni. Alisimama, akaenda mlangoni, akamnyooshea mumewe simu.

"Anauliza kwa nini anashika shingo," alisema. "Mwambie."

Idarous aliiangalia simu. Aliweka kiatu chini, akachomoa sindano, akajifuta gundi kwenye aproni kidole kimoja kimoja. Sauti ya Nekesa ilikuwa inasikika, haloo, mama, uko? Akaipokea.

"Haloo," alisema. "Haukuwa mtego."